Nyumba ya kuvaa: shajara ya vifaa vyepesi vya porini, Lubumbashi

20 Aprili 2024: mizani kwanza

Mvua zinaaga. Kuanzia Mei hadi Septemba anga la Lubumbashi hukauka, na mtu anaweza kutembea siku mbili tatu kwenye miombo bila kukanyaga tope. Mradi huu unataka mzigo wa kulala porini usiozidi kilo tatu, chakula na maji kando, ukatwe na kushonwa hapahapa mjini kwa vitu vya sokoni. Hema jepesi la kuagiza ng'ambo linawezekana, ila gharama za kulifikisha hapa hula bei ya hema lenyewe, na likichanika hakuna wa kulirekebisha.

Mzigo wa zamani nimeupima kipande kwa kipande kwenye mizani ya jikoni. Hema kilo 3.9. Blanketi 2.2. Godoro la sponji 1.6. Begi tupu 1.8. Sufuria na mbabula ndogo (jiko la makala, yaani mkaa) 2.7, makala hayajaingia. Jumla kilo 12.2 kabla ya punje ya unga. Sishangai kwamba watu wengi hulala porini mara moja maishani na kuapa kutorudia.

Kanuni ya kuanzia: kila kifaa kifanye kazi mbili au kibaki nyumbani. Kuna sharti jingine. Safari ninayoilenga ni uwanda wa juu wa Kundelungu, kaskazini mwa hapa, hifadhi ya taifa tangu 1970. Kule juu, zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, ni nyasi tupu na upepo usio na kizuizi. Paa linalotegemea mti wa kufungia kamba halifai.

4 Mei: kitambaa

Kifaa kikuu ni poncho ambayo usiku inageuka paa: mita 2.6 kwa 1.5, kofia katikati. Turubai la plastiki la buluu nimeliacha mapema, maana linapiga kelele kila upepo ukivuma na matundu yake ya chuma hung'oka. Kitambaa cha miamvuli mibovu ni kizuri na cha bure, ila kinakuja kwa pembetatu ndogondogo, na kila mshono ni mlango wa maji.

Ikabaki nailoni au poliesta. Nailoni ina nguvu zaidi, lakini ikilowa hurefuka: paa ulilolikaza jioni unalikuta limekugusa pua usiku wa manane. Poliesta hailegei hivyo. Nimepata bitana ya makoti, poliesta iliyosukwa kwa kubana, kwenye soko la Kenya, mtaa wa hapa mjini. Namna ya kuijaribu dukani ni kuibandika mdomoni na kupuliza. Pumzi ikipita kirahisi, mrudishie mwenyewe. Mita 4 kwa franka 6,000 za Kongo kila moja, jumla 24,000.

12 Mei: silikoni, mara ya kwanza na ya pili

Bitana haizuii maji. Dawa yake ni silikoni ya mafundi wa vioo, ile isiyo na rangi inayonuka siki, ikiyeyushwa kwenye spiriti ya kuchanganyia rangi na kupakwa kwa brashi. Usitumie petroli. Hata hiyo spiriti fanyia kazi uani, mbali na mbabula ya jirani.

Nilijaribu kwanza kwenye kipande cha sentimita 50 kwa 50, na ninamsihi kila anayeiga afanye hivyo. Kipande kikavu kilikuwa na gramu 16. Nilichanganya sehemu mbili za spiriti kwa moja ya silikoni, mchanganyiko mzito wa kuvutika. Kilipokauka kikawa na gramu 34, zaidi ya mara mbili, na kilipokunjwa kilijishika chenyewe kwa chenyewe. Tyubu nzima ya kwanza imepotea hapo.

Mara ya pili: sehemu nane za spiriti kwa moja ya silikoni, zote kwa uzito, kutikisa ndani ya chupa mpaka vipande vyote viishe, kupaka upesi na kupangusa ziada kwa kitambaa. Gramu 24. Kwa kipimo, nilikata kitako cha chupa ya lita moja na nusu, nikaufunga mdomo wake kwa kile kipande, nikaigeuza chini juu, nikajaza maji na kuiacha usiku. Asubuhi chini palikuwa pakavu.

Jambo ambalo maelezo mengi hayalitaji: silikoni hii hukauka kwa kunywa unyevu wa hewa, si kwa jua. Hewa yetu ya kiangazi haina unyevu wa kutosha, kwa hiyo poncho nzima ilibaki inanata siku iliyofuata. Niliihamishia bafuni pamoja na beseni la maji ya moto, mlango umefungwa, na kesho yake ikawa tayari. Kabla ya kukunja, pakaza poda ya mtoto kidogo pande zote mbili, halafu kung'uta.

Shona kwanza au paka kwanza? Paka kwanza, kisha pitisha silikoni nzito kidogo juu ya mishono tu. Gundi nyingine yoyote haishiki juu ya silikoni, hata utepe. Kiraka cha baadaye pia lazima kiwe cha silikoni.

Tyubu mbili 24,000, spiriti 15,000.

25 Mei: kwa fundi

Cherehani sina. Papa (baba) fundi wa mtaa wa Katuba anayeshona sare za shule aliinyanyua poncho, akaitazama pande zote, akaiweka.

«Mwana yangu, hii ni koti ao ni nyumba?»

«Ni vyote viwili, papa.»

«Sasa mvua ikinyesha usiku na unataka kutoka, utavaa nyumba?»

Nilimjibu kwamba kiangazi hakuna mvua. Alicheka, akashona. Swali nimeliandika hapa kwa sababu halijajibiwa.

Maelekezo niliyompa: pindo la kukunja mara mbili, vitanzi vinane vya utepe pembezoni, na sindano nyembamba kabisa, kwa sababu kitambaa chenye silikoni huteleza chini ya mguu wa cherehani na kila tundu la ziada linabaki. Alitaka kushika kitambaa kwa pini. Tulitumia vibanio vya nguo. Uzito wa mwisho gramu 430. Kushona 15,000, na 5,000 nyingine za kung'oa kofia na kuirudishia, maana mara ya kwanza iliangalia mgongoni.

8 Juni: usiku wa kwanza, upande wa njia ya Kasenga

Lazima kwenda mbali kuliko zamani kupata miti. Makala ya mji yamekula miombo iliyokuwa karibu, na njiani unapishana na baiskeli zilizopakiwa magunia mpaka dereva haonekani. Wale waendesha baiskeli ndio walionifunza kitu bora kuliko vyote vya mradi huu. Mzigo wao haufungwi kwa kamba tupu. Unafungwa kwa vipande virefu vya mpira wa ndani wa tairi, vilivyokatwa upana wa kidole.

Nimekata pete na vipande vya mpira huo. Pete moja kati ya kila kitanzi cha poncho na kamba yake: upepo ukivuta, mpira unatoa badala ya mshono kuchanika. Kipande kirefu kinafunga kofia isivuje. Vingine vinabana mkeka kwenye begi. Na kipande cha urefu wa kidole kikiwashwa kiberiti kinawaka hata kikiwa kimelowa, kwa moshi mweusi na harufu mbaya, muda wa kutosha kukausha vijiti vya kwanza. Kamba ni uzi wa nailoni wa waashi. Kamba, mpira na misumari: 8,000.

Kilichoshindwa ni vigingi. Nilikunja spoku za baiskeli, gramu 7 kila moja, nikajisifu njiani kote. Udongo wetu mwekundu ukikauka ni tofali. Spoku zilipinda zote. Usiku ule paa lilishikwa na mawe. Sasa ninabeba misumari sita ya sentimita 12, gramu 18 kila mmoja, ikigongwa kwa jiwe na kung'olewa kwa kitanzi cha kamba.

Kofia ikiwa katikati ya paa, hapo ndipo umande unapokusanyika. Suluhisho: kuifunga kwa mpira, kisha kuivuta juu kwa kamba hadi kwenye ncha ya fimbo ya pili, ili pale penye tundu pawe kilele badala ya bonde. Fimbo ni za mwanzi, sentimita 120, mchana ninatembelea, usiku ni nguzo. Mti hauhitajiki tena.

Baridi nayo. Lubumbashi iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na Juni alfajiri joto hushuka chini ya nyuzi 10. Blanketi jepesi nililobeba halikufua dafu.

22 Juni: manyoya

Wapanda milima wa Ulaya walikuwa na ujanja wa zamani: mfuko wa kulalia unaoishia kiunoni, juu unavaa jaketi lako nene. Jaketi hulibebi mara mbili. Asubuhi unapika chai nalo, usiku ni nusu ya kitanda.

Kwenye mitumba majaketi ya manyoya ya bata yanauzwa kwa bei ndogo, kwani kwa wengi mjini ni mazito ya kuvaa. Mawili kwa 30,000. Kabla ya kununua, libane jaketi kwenye ngumi uliachie. Likijaa tena polepole, manyoya yangali hai. Likibaki na mabonge, limefuliwa vibaya, liache.

Moja limebaki jaketi, gramu 420. La pili lilipaswa kukatwa mikono na kushonwa chini. Nilikata mkono wa kwanza kwa mkasi, moja kwa moja, na kwa dakika chache uani kulinyesha theluji ambayo Katanga haijawahi kuiona. Kuku wa jirani walikimbia. Manyoya yale hayarudi, maana hata ukiyaokota yanapeperuka kwa pumzi yako.

Njia iliyofanya kazi kwa mkono wa pili: chora mstari, shona mistari miwili inayoenda sambamba umbali wa sentimita moja, upande huu na huu wa mstari, ndipo ukate katikati. Hakuna unyoya uliotoka. Mikono ilifunguliwa ikawa kitako cha mfuko, zipu ya mbele ikashonwa kabisa. Gramu 310. Mfuko huo ukijazwa nguo na kufungwa mdomo ni mto wa kulalia mchana, na nimeshauvaa kama sketi alfajiri, mbele ya watu, bila aibu.

Chini yake kuna mkeka wa mazoezi wa 25,000, uliokatwa urefu wa mabega hadi makalio, gramu 280. Godoro la sponji hunywa maji. Mkeka huu hauyanywi. Miguu inalala juu ya begi tupu.

13 Julai: jiko na suala la bukari (ugali)

Jiko la alkoli la kopo la bia ni jepesi kuliko barua: vitako vya kopo mbili vikiingizwa kimoja ndani ya kingine, matundu ya sindano pembeni, gramu 12. Kutengeneza ni kazi ya jioni moja. Ugumu ni cha kuchoma.

Alkoli ya duka la dawa ya asilimia 70 iliwaka, maji yakaanza kuimba, kisha moto ukafa na ndani ya jiko kukabaki maji. Ndiyo ile asilimia 30. Lutuku, pombe kali ya kienyeji ambayo kila mtu alinishauri, ni mbaya zaidi: mpaka uipashe ndipo ikubali kiberiti, na mwali wake unazima ukiutazama. Imerudi kwa wanaoijulia kazi. Alkoli ya asilimia 90 ndiyo jibu. Mililita 25 zilichemsha nusu lita ya maji, upepo ukizuiwa. Alkoli zote pamoja 21,000, na hapo nusu ni ya majaribio.

Onyo kwa anayeiga: mwali wa alkoli hauonekani juani. Kabla ya kuongeza alkoli weka kiganja juu, mbali kidogo, usikie joto. Usimimine kamwe kwenye jiko linalowaka. Na Julai nyasi zimekauka zote. Fyeka duara la hatua moja hadi udongo uonekane.

Hata hivyo, jiko hili halipiki bukari. Linachemsha maji, basi. Bukari inataka moto mrefu na sufuria isiyoyumba wakati wa kusonga, na kopo juu ya jiko la gramu 12 linaanguka kwenye mzunguko wa pili wa mwiko. Kuna watakaosema kula biskuti. Mimi sijatembea siku nzima ili nile biskuti.

Kwa hiyo mkebe mkubwa wa maziwa ya unga umetobolewa safu ya matundu chini na nyingine juu, mlango mmoja wa kuingizia vijiti, gramu 130. Ukitaka chai, jiko la alkoli linakaa ndani na mkebe ni kizuizi cha upepo na mafiga. Ukitaka bukari, toa jiko, lisha vijiti vya unene wa kidole. Sufuria ni mkebe mwingine wenye mshikio wa waya, gramu 115. Unga ukishaingia na kuiva, sufuria inashuka chini, unaibana kwa nyayo mbili za viatu na kusonga kwa mikono miwili, kama mama yeyote wa hapa afanyavyo. Fimbo ndogo iliyochongwa bapa ndiyo mwiko.

Chini ya mkebe sasa kuna kipande cha bamba la alumini la kuchapia, lililokwisha kutumika, kutoka kwa mtu wa matbaa (kiwanda cha uchapaji), 3,000. Kinazuia makaa yasiguse nyasi, na kikikunjwa pembeni ni ungo wa kupepea moto.

3 Agosti: begi

Gunia la unga wa mahindi la kilo 25, lile la plastiki iliyosukwa. Lina nguvu na ni jepesi, ila ukilikata kwa mkasi nyuzi zinatawanyika. Likate kwa kisu kilichopashwa moto, ukingo unajifunga wenyewe. Nimeweka magunia mawili, moja ndani ya lingine, kwa sababu jua huyafanya yawe magumu na kuvunjika. La nje litabadilishwa kila mwaka kwa franka 1,000.

Mikanda ya mabega ni ya viti vya gari, kutoka gereji ya vyuma chakavu. Inabeba chochote, lakini ni laini mno: kwenye bizimu za begi la shule iliteleza, na kila nusu saa begi lilikuwa limefika makalioni. Kuigeuza hakukusaidia. Kilichosaidia ni kushona kipande cha mpira wa baiskeli upande wa ndani wa mkanda, pale bizimu inapouma. Mgongo wa begi ni ule mkeka wa kulalia, umekunjwa. Gramu 390, franka 11,000.

31 Agosti: hesabu

Chandarua kinakuja na joto la Septemba. Nimechukua cha zamani cha nyumbani, baada ya familia kupata kipya, nikakata kipande cha kufunika kichwa hadi kiuno, gramu 240. Hapa kanuni ya kazi mbili imekoma. Chandarua kina dawa ya kuua mbu. Hakichuji maji, hakibebi dagaa wala uyoga, hata kama kinafaa kwa umbo.

Jumla, pamoja na mfuko mzito wa plastiki wa kukinga nguo ndani ya begi (gramu 60) na kamba na mpira (gramu 90): kilo 2 na gramu 585. Franka 181,000, karibu dola 65 kwa kiwango cha Agosti 2024. Tyubu iliyopotea, alkoli iliyokataa na kofia iliyogeuka zimo ndani ya hesabu hiyo.

26 Oktoba: mvua

Mvua ya kwanza ya maana imenikuta chini ya paa. Usiku, kwa ngurumo. Silikoni ilishika, ila kwa matone makubwa kulikuwa na ukungu mwembamba usoni kwa saa nzima, kitu ambacho chupa ya maji haikunionyesha, maana maji yaliyotulia hayana kishindo. Nimepaka silikoni mara ya pili juu ya kilele tu.

Kisha msumari wa upande wa upepo ukang'oka, na swali la papa fundi likawa mbele yangu. Kutoka nje ilikuwa kuvua nyumba. Nilitoka bila kitu, nikarudi nimelowa, na mfuko wa manyoya ukanywa maji hayo.

Kwa hiyo nimeandika kanuni upya: kazi mbili ni sawa kama haziiti kwa saa ileile. Fimbo haitembei usiku. Mkeka hauwi mgongo wa begi wakati nimeulalia. Poncho peke yake ndiyo iliyoahidi mambo mawili kwa saa ileile, na mvua ndiyo saa hiyo.

Suluhisho limetoka ndani ya begi. Usiku mfuko wa plastiki uko tupu, nguo zote nimezivaa. Nimeukata kitako ukawa bomba lililo wazi pande mbili. Mchana ncha zote mbili zinasokotwa na kufungwa kwa mpira, nguo zinabaki kavu. Usiku ncha moja inalegezwa mpaka upana wa shingo, kichwa kinapita, mikono inabaki ndani na kutokea chini. Nimejaribu chini ya bomba la uani: mabega makavu, magoti hapana.

Upepo ule pia ulirusha maji hadi kwenye miguu. Poncho inarudi Katuba Jumatatu kuongezwa sentimita 30 upande huo. Kitambaa kilichobaki kinatosha, silikoni iko robo tyubu, ya kulipa ni cherehani tu, 5,000.